Mwaka Niliopanga Jirani na Marehemu

Kadzo alinipigia simu asubuhi nikichagua mchele. Aliniamkia kwa adabu, kama kawaida yake, kisha akasema, "Mwalimu, Mpangaji ametutoka." Nikauliza lini, nikauliza wapi, nikauliza yale yote mtu anayouliza ili mdomo uwe na kazi ya kufanya. Nilipoiweka simu chini ndipo nikajisikia nikisema kwa sauti, jikoni, peke yangu, "Kwa hiyo sasa amekufa kweli." Jirani angenisikia angedhani uzee umeanza kunichezea. Lakini mtu huyo siku niliyokutana naye alikuwa tayari ameliliwa, amekaliwa matanga, na mti wake wa koma, wa kukalisha roho ya marehemu, umesimama kando ya njia, na mimi ndiye niliyempa habari hiyo, ana kwa ana, mchana kweupe.

Nilifundisha jiografia na historia hadi nilipostaafu, na sijui ni watoto wangapi niliowachoresha ramani ya nchi hii. Mwanzoni tulichora wilaya. Baadaye tukachora kaunti, arobaini na saba, na watoto wakalalamika kwamba kalamu za rangi hazitoshi. Niliwaeleza kama kitabu kinavyoeleza: hapo kale Sultani wa Unguja alikuwa na ukanda wake wa pwani, maili kumi kutoka maji yanapofika, Mwingereza akaukodi, akagawa pwani na bara kuwa mikoa na wilaya kwa namna iliyomfaa yeye, uhuru ukaja na majimbo, majimbo hayakufika mbali, mikoa ikabaki na wilaya zake, na katiba mpya ilipopita, wilaya za zamani zikaamka zikiitwa kaunti. Msichana mmoja mwenye maswali aliwahi kuniuliza, "Na aliyeuchora mstari wa wilaya, mwalimu, alijuaje pa kuupitisha?" Nilimwambia akae chini, kengele inakaribia kulia. Jibu nilikuwa nalo. Niliwahi kulisikia likikohoa nyuma ya ukuta wa chumba changu, lakini halikuwa jibu la kuandika kwenye mtihani.

Mwaka niliolisikia nilikuwa msichana wa bara niliyemaliza kidato cha nne, mwalimu asiyesomea, nimepewa darasa la tatu lenye watoto wengi na chaki chache huku nikisubiri nafasi ya chuo. Nilipanga chumba kwa Mama Mbeyu, ng'ambo ya Miritini, upande wa kuelekea Mazeras, karibu na mahali malori yalipokuwa yakisimama kupoza injini. Mji ulikuwa bado haujaamua kama umefika pale au la. Mama Mbeyu alikuwa Mrabai, mjane, mwembamba, mwenye sauti ya chini iliyomfanya kila mtu asogee karibu ili amsikie. Jumapili alivaa gauni jeupe akaenda kanisani, na siku nyingine aliwamwagia wazee wake waliokufa uji na tembo la mnazi, na hakuona kama mambo hayo mawili yanagombana. Nyumba yake ilikuwa ya udongo na makuti. Chumba changu kilikuwa cha mwisho, na nje ya ukuta wangu liliegemea banda la kuwekea nazi kavu. Nyuma ya nyumba kulikuwa na kijia cha kwenda kisimani, na ng'ambo ya kijia, chini ya mkorosho, kaburi la mumewe. Mama Mbeyu alikwisha kujipimia mahali pake ubavuni mwa kaburi lile na akakataza mtu asipande hata kunde hapo. Mbele ya nyumba kulikuwa na njia ya kutokea barabarani, na mwanzo wa njia hiyo ndipo uliposimama ule mti.

Ulikuwa gongo la mti mgumu, unanifika kiunoni, kichwa kimechongwa mviringo, na shingoni umefungwa vitambaa vyekundu na vyeupe vilivyopauka kwa jua. Siku niliyohamia nilitundika mkoba wangu juu yake ili nifunge kiatu. Mama Mbeyu aliuondoa mkoba bila kunigombeza, akaufuta mti kwa ncha ya leso yake, akasema, "Huyu ni Nyanje, mwanangu. Uwe wamsalimu ukipita." Nyanje alikuwa tanboi wa lori, msaidizi wa dereva. Alivuka mpaka wa nchi na mizigo, kule kukawa na vita, lori likaonekana limeteketea, dereva akazikwa huko huko na wenziwe wakarudi na habari. Mama Mbeyu alimngoja mpaka maumivu ya kichwa yakamlaza, na mganga akamwambia mtoto anazunguka kwa sababu hana pa kukaa. Ndipo akamsimamishia mti kwa mkono wake. Kwao aliyefia mbali haingizwi ndani ya boma. Anasimamishwa kwenye njia aliyoondokea, ili aijue akija. Mimi nilikuwa Mkristo wa bara niliyefunzwa kucheka mambo hayo, lakini nilikuwa mpweke na mama mwenye nyumba ameniomba, basi nikawa namsalimu. Asubuhi, "Nyanje, umeamkaje?" Jioni, "Nyanje, tumerudi." Nilizoea kiasi kwamba siku nikisahau nilikuwa narudi hatua chache.

Na jambo jingine nililolizoea ni jioni. Mama Mbeyu alipika kwenye jiko la mafiga matatu, sima na mchunga, mboga chungu ambayo mwanzoni nilidhani ananiadhibu nayo, siku nyingine muhogo wa nazi, siku njema samaki. Akishapakua alisimama mlangoni na sahani mkononi, akaita, "Mwalimu, njoo ndani ule." Hakuwahi kutia tonge mdomoni kabla hajaniita, hata ningekuwa nimeketi karibu naye. Nimekula mezani kwa watu wengi tangu wakati huo, kwenye vitambaa vya meza na vijiko vya kila aina, na sijapata tena kuitwa namna ile.

Kabla ya mvua za masika alikuja bwana mmoja wa mambo ya mipaka, mtu wa bara kama mimi, mpole, mwenye jasho jingi, ambaye majirani walimbandika jina la Bwana Ramani. Wilaya zilikuwa zinawekewa mipaka upya na mstari wa mji ulikuwa unakaribia. Watu walikuwa wamekwisha kutishana. Ukiangukia mjini, walisema, shamba lako linakatwa viwanja, na ukifa huzikwi kwako, unapelekwa kwenye makaburi ya mji na watu usiowajua. Sikuwahi kujua ni kweli kiasi gani, ila Mama Mbeyu aliamini, na tangu habari hiyo ifike alikuwa akienda chini ya mkorosho kupaangalia mahali pake kama mtu anayeangalia mlango ambao hakumbuki kama aliufunga. Bwana Ramani alikaribishwa chai na mahamri. Alikunjua ramani yake mkekani, kuku akapita juu yake, na Mzee Mkala, shemeji yake Mama Mbeyu na msemaji wa ukoo, akaiinamia akiwa amefumba jicho moja.

"Mama, serikali haina vita na wewe," Bwana Ramani alisema. "Hii laini lazima ipite mahali. Ramani ya mkoloni inaonyesha tu kijia. Mimi nitafuata kijia."

"Ukifuata kijia," Mzee Mkala akajibu taratibu, "shemeji atalala mjini, na mumewe atalala wilaya nyingine. Watu waliooana kanisani, bwana, utawatenganisha wewe?"

Bwana Ramani alijifuta uso. "Sikia, mzee. Nikipata kaburi mbele ya nyumba, huko karibu na barabara, naweza kuzungusha laini. Tumeambiwa tusikate boma ya watu na makaburi yao. Lakini hii moja iko nyuma. Kuna ingine mbele?"

"Liko," Mama Mbeyu akasema. Akainuka, akamwongoza mpaka kwenye mti. Bwana Ramani alivua kofia. Akauliza ni nani, akaambiwa, akatoa pole ya kweli kabisa, kisha akaweka alama ya kalamu kwenye ramani yake. Alisema mvua zikiisha atarudi na simenti aweke bikoni, jiwe la mpaka, pale pale, mbele ya wazee, na mambo yawe yamekwisha. Hakuna aliyesema uongo siku hiyo. Nalitaja hilo kwa sababu baadaye watu walilisimulia vingine.

Mvua zilinyesha, njia ikawa tope, malori yakakwama barabarani na madereva wakawa wanakuja kuomba maji ya moto. Alasiri moja nilikuwa natoka shuleni, viatu mkononi, macho chini nisiteleze. Nilipofika penye mti nikasema kwa mazoea, "Nyanje, habari za mchana?"

"Njema," sauti ya mwanamume ikanijibu.

Alikuwa amechuchumaa upande wa pili wa mti, amevaa shati lililomshinda ukubwa, mashavu yamebonyea. Nilidhani ni tanboi wa lori lililokwama anayenifanyia mzaha, na nikakasirika. Nikamwambia hapo si mahali pa mchezo, hapo pana mtu.

"Nani?"

"Marehemu Nyanje. Mtoto wa Mama Mbeyu mwenye nyumba hii."

Alishika kitambaa chekundu kwa vidole viwili, kama mtu anayepima kitambaa dukani. "Alikufa lini, dada?"

Nikamweleza. Mungu anisamehe, nilimweleza yote, lori, moto, dereva, kichwa cha mama yake, mganga, matanga yalivyojaa watu kwa jinsi nilivyosimuliwa, na nilieleza vizuri, kwa sauti ya darasani. Yeye alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akakaa chini kwenye tope, miguu imemtoka mbele, akasema, "Basi nimekuja nimechelewa." Na nikaona kwamba ana paji la uso la Mama Mbeyu, lile lile, na viatu vyangu vikaniponyoka.

Mama Mbeyu alitokea barabarani na kapu lake la sokoni. Nimesoma hadithi ambamo mama hukimbia akiwa amefungua mikono. Huyu hakukimbia. Alilitua kapu. Alitazama miguu ya mtu yule kwanza, akitaka kuona ni miguu ya binadamu, akapanda polepole kwa macho mpaka usoni. Mdomo wake ulifunguka na nikaona jina limefika ulimini. Alilimeza. "Usiingie," akasema. "Ngoja hapo." Akapita, akaingia ndani, na ndani nikamsikia akilia kwa sauti ambayo mnyonge na tajiri huwa nayo moja.

Mambo mengine niliyapata kupitia ukuta, maana Mzee Mkala aliitwa na wakazungumza chumba cha pili. Mtu aliyesimamishiwa mti haingii nyumbani kwa miguu yake tu, alisema. Aliyeusimika ndiye aung'oe, kwa mkono wake, mzima mzima pamoja na tako lake lililo ardhini. Ukikatwa ni kumuua mara ya pili. Achinjwe mbuzi, mtu aoshwe kama mtoto mchanga, na mwisho mama asimame mlangoni na chakula amwite kwa jina lake, njoo ndani ule. Akishakula amerudi. Kabla ya hapo jina lake halitajwi na chungu cha nyumba hakimlishi. "Kesho asubuhi, shemeji," Mzee Mkala alisema. "Mbuzi natoa mimi."

"Na yule bwana akija na simenti yake?"

"Mwambie mtoto karudi. Ni furaha hiyo."

"Nimwambie kaburi limefufuka? Atafuata kijia, Mkala. Nitazikwa wapi mimi? Mwanangu atazikwa wapi, na watoto wa wanangu? Mvua zinakwisha. Akishasimika jiwe lake nitang'oa mti siku hiyo hiyo, kwa mikono hii."

Mvua ilipiga makuti. Kisha Mzee Mkala akasema, "Haya. Lakini wewe unamwambia mtoto angoje nje, na hujui nje kuna nani."

Ndivyo nilivyopata jirani. Alikaa kwenye banda la nazi, lililokuwa na mlango wake mwenyewe upande wa barabarani, na majirani wakaambiwa ni mpangaji. Walioanza kumtambua walinyamazishwa na Mzee Mkala, na wenyewe hawakuwa na hamu ya kutaja jina lile. Nilikuwa nikilala nasikia akijigeuza kwenye magunia. Alikuwa na kikohozi alichokuja nacho kutoka huko, na kila akikohoa, upande wa pili wa nyumba kitanda cha Mama Mbeyu kililia. Mimi nilikuwa katikati. Na chakula? Chungu cha nyumba kisingeweza kumlisha, lakini hakuna mila iliyokataza kumpelekea marehemu chakula. Kwa hiyo kila jioni, baada ya kuniita mimi ndani, Mama Mbeyu alibeba kata ya uji, sima, kipande cha samaki kikubwa kuliko changu, akaenda akaviweka chini ya mti, akageuka bila kutazama nyuma. Akishafika mlangoni, Mpangaji alitoka bandani akaenda akala sadaka yake mwenyewe.

Tulizoeana. Nilikuwa nakaa naye karibu na mti nikisahihisha vitabu kabla giza halijaingia. Aliweza kuchekesha. Alisema uji wa wafu una sukari zaidi ya aliopewa akiwa hai, na kwamba kama angejua angekufa mapema. Aliniuliza kama watu walimlilia vya kutosha, nani alilia na nani alijifanya, na nilipomwambia sikuwapo akasema hata yeye. Ya huko alikotoka aliyasema kwa vipande tu. Alishikwa, aliugua, alitunzwa na watu ambao hawakujua lugha yake, alitembea. "Nilikuwa nikitembea najisomea jambo moja tu, Mwalimu. Kwamba nikifika atatoka mlangoni na sahani, aniite." Alisema hivyo akitazama mlango. Mama Mbeyu alikuwa amesimama pale, na sahani, na aliyekuwa akimwita ni mimi. Niliinuka nikaenda, kwa kuwa chakula cha mwenye nyumba hakikataliwi. Kila tonge la siku zile nalikumbuka, na sikupenda hata moja.

Bwana Ramani alirudi jua lilipokausha njia, pamoja na vibarua, gari la kokoto, na wazee wa pande zote mbili. Alihitaji mtu wa kusimama penye mti ashike fito ya kupimia wakati yeye akiangalia kutoka barabarani. Vibarua walikuwa wanakoroga simenti. "Wewe, unaishi hapa?" akamwita Mpangaji. "Mimi mpangaji tu," Mpangaji akajibu, na wazee wakatazama chini. Akapewa fito. Akasimama ameishika, bega lake karibu na kile kichwa cha mviringo, na vitambaa vikipepea vikamgusa mkono.

Ilibaki kuuliza mbele ya wazee, kama utaratibu ulivyotaka. "Mama, hii kaburi ni ya nani?"

"La mwanangu, Nyanje."

"Na una hakika alikufa?"

Mama Mbeyu alimtazama mwanawe. Mpangaji hakuinua uso wala hakumsihi. Alichofanya ni kuinyoosha fito, ikae wima vizuri, kama mtu anayemwambia mwenzake malizia.

"Alikufa," Mama Mbeyu akasema.

Mzee Mkala alichukua bakora yake akaondoka bila kuaga. Bwana Ramani alikwenda kwenye gari lake kuandika, na aliporudi vibarua walikuwa wamemaliza. Hapo ndipo jambo lenyewe lilipotokea, na halikutokana na ubaya wa mtu. Bwana yule alikuwa amewaagiza wachimbe shimo pana, na kwa heshima ya marehemu wasiguse mti, waumwagie simenti pamoja na bikoni, vishikane. Alikuwa anatabasamu. "Mama, nimekufanyia kazi safi," alisema. "Mchwa haitakula, na hakuna mtu ataing'oa tena. Na akijaribu, hiyo ni mali ya serikali, ni jela." Mama Mbeyu alisema ahsante. Sauti yake haikusikika, tuliona midomo tu.

Nimefikiri sana juu ya ahsante ile, hasa miaka ya kaunti ilipofika na watu wakawa wanagombania mipaka kwenye redio, kila mmoja na ramani yake. Wanadhani mstari ukichorwa, atakayeumia ni yule aliyeachwa upande mbaya. Mama Mbeyu alipata alichotaka chote. Nyumba yake, kisima chake, mkorosho, mume wake, vyote vilibaki upande mmoja, na mahali pake ubavuni pakabaki pake. Mstari ulizunguka kwake kama alivyoomba. Yule aliyebaki nje hayumo kwenye ramani yoyote.

Baada ya hapo Mama Mbeyu alijaribu kuung'oa. Alichagua nyakati za alasiri, malori yakinguruma kwenye mteremko, ili mlio usisikike. Siku moja shule ilifungwa mapema nikamkuta amepiga magoti penye bikoni, leso imefungwa kiunoni, akipiga simenti kwa jembe la mkono. Jembe lilikuwa limepinda. Viganja vyake vilikuwa vimechubuka na simenti ilikuwa na mikwaruzo michache, mirefu, ya kutoka juu kwenda chini, penye shingo ya mti. Nilishika mpini nikajaribu mimi, nikashindwa mimi pia, na Mpangaji akatoka bandani, akatuondolea jembe sote wawili kwa upole. "Mama, acha," alisema. "Utafungwa, na mti utabaki. Acha." Ilikuwa mara ya kwanza tangu arudi kumsikia akimwita mama. Yeye alikuwa na ruhusa ya kumwita. Ni mama ndiye hakuwa nayo.

Barua yangu ya chuo ilikuja mwisho wa mwaka. Siku ya kuondoka nilimpata Mama Mbeyu amepika wali wa nazi na kuku, asubuhi yote hiyo. Alisimama mlangoni na sahani. Hakuwa akinitazama mimi. Alikuwa akitazama njiani, ambako Mpangaji alikuwa amebeba sanduku langu ananingoja. Alivuta pumzi. Aliivuta mpaka mabega yakapanda, na nikaona mdomo wake umejipanga kwa herufi ya kwanza, na nikawaza, sema, mama, sema tu, mti utajua wenyewe la kufanya. Pumzi ikatoka bila kitu. "Mwalimu," akasema, "njoo ndani ule." Nikala. Nililia huku nikila, na yeye akanipangusa pua kwa leso kama mtoto, na nje Mpangaji akanisubiri na sanduku kichwani.

Alihama mwaka uliofuata. Aliishi Bombolulu kwenye vyumba vya kupanga, akafanya kazi za mikono, akawa mzee anayependwa na watoto wa jirani, na kila mahali jina lilimfuata, Mpangaji. Nilimtembelea mara nyingi, tukacheka kama zamani. Hakuoa. Alisema ni mwanamke gani atakayeolewa na bikoni. Mama yake alipofariki, alizikwa chini ya mkorosho kama alivyotaka, na Mpangaji aliyatazama mazishi akiwa ng'ambo ya barabara, katikati ya malori. Nilivuka nikasimama naye.

Sasa ilikuwa zamu yake. Kadzo, mjukuu wa Mama Mbeyu aliyezaliwa baada ya mimi kuondoka, alinieleza kwamba mjomba wake alikwisha kusema anapotaka kuzikwa. "Alisema tumzike pale pale, Mwalimu. Alisema kaburi liko siku nyingi, ni mtu tu aliyekuwa hajafika." Kulikuwa na usumbufu wa kibali cha kuzika, upande huu wakisema kaburi liko kaunti ile, na upande ule wakisema liko hii, mpaka kijana mmoja wa mambo ya ardhi akaja na kifaa chake mkononi kupima. Nilimkuta ameinama penye bikoni. Nyumba ya udongo haipo, kuna ya matofali, lakini mti upo, umekuwa mweusi, vitambaa vimekwisha, na mguu wake bado umo kwenye simenti.

"Hawa watu wa upande wa pili ni wabaya," kijana akaniambia, akinionyesha mikwaruzo. "Unaona, nyanya? Walitaka kuling'oa hili jiwe wahamishe mpaka."

Niliinama, magoti yakinilalamikia, nikatia vidole kwenye mifereji ile. Ilikuwa imeota ukungu. "Si watu wa upande wa pili, baba," nikamwambia. "Ni mama wa marehemu. Alikuwa anamfungulia mwanawe." Alinitazama kwa huruma, akaandika kitu kwenye kifaa chake, akaenda kuomba maji ya kunywa.

Tulimzika ubavuni mwa mti. Mchungaji alisoma jina lake lililo kwenye kitambulisho, haraka, kati ya majina mengine, na wengi wa waliokuwapo hawakujua ni la nani. Baadaye wanawake walipakua chakula, na Kadzo akaniletea sahani yangu pale nilipokaa, wali, mbaazi, kipande cha nyama. Niliitazama. Kisha niliinuka nikaenda nayo mpaka mlangoni, mlango mpya wa chuma, lakini mahali ni pale pale, nikageuka nikaelekeza uso njiani. Najua kwamba si mimi niliyeusimika mti ule. Najua mila haikunipa kazi hiyo, na kwamba mti haujang'oka na hautang'oka. Nilivuta pumzi mpaka mabega yakapanda.

"Nyanje," niliita, "njoo ndani ule."

Watu wote waligeuka kunitazama mimi. Mimi nilikuwa natazama njiani.